Hakuna Aliyeniuliza

Kama wasingekuwapo watoto, Najiat angemzaba Masele kofi pale pale getini, na Tabora nzima ingejua.

Lakini watoto walikuwapo. Walikuwa wamejaa kwenye kiwanja kidogo mbele ya ofisi ya msitu, wamevaa kofia za kila namna, wengine wamefunga masweta viunoni, maana mwezi wa sita asubuhi huko huwa na baridi ya kutetemesha na mchana jua halina simile. Likizo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, na mchezo waliokuja kuucheza walikuwa wameuota muhula mzima: kusaka hazina. Kila kundi hupewa simu yenye mshale, na mshale ule huwaongoza katikati ya miyombo na mininga mpaka kwenye kopo lililofichwa. Mkilipata, mnachukua kitu kimoja na kuacha kitu kimoja, mnajibu swali la mti au mdudu, kisha simu inawaelekeza kwenye kopo jingine.

Aliyeuleta mchezo huo ni Masele. Msitu ule, kando ya barabara iendayo Sikonge, ulitengwa kwa ajili ya kuwafundisha watoto habari za miti na wanyama, ila kabla yake walikuwa wakifundishwa wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, nusu yao wamesinzia. Masele ndiye aliyewainua. Na ilikuwa katika kutafuta mahali pa kuficha makopo, yeye na Najiat wakishinda juani kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikipeleka watu Ujiji, ndipo mapenzi yao yalipoota. Yaliota polepole, yakashika mizizi. Masele alimwambia maneno ambayo hakuwahi kuambiwa na mtu. Halafu baada ya Idi, ghafla, akatoweka. Hakuaga. Simu ikawa inaita mpaka inakata yenyewe. Najiat alikuja kusikia kwa mpishi wa ofisini, akichambua mchicha, kwamba Masele ameomba uhamisho kwenda Usinge.

Leo yuko getini, amesimama kama mgeni, na amevaa shati la kijani ambalo Najiat alimnunulia kwa mkono wake.

"Mwalimu Najiat," alisema, sauti imemkauka. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, kwa sisi tuliobaki."

Mama Levina, msimamizi wa msitu, alikuja akiwa na tabasamu pana, hana habari na lolote. "Nimemwita mimi! Watoto leo ni wengi, nikasema anisaidie siku hii moja tu. Si nyinyi mlikuwa mkifanya kazi kama mapacha? Haya, kundi hili kubwa liongozeni pamoja."

Najiat alifungua kinywa ili akatae. Mtoto mmoja, Julieth, binti mwenye meno ya mbele yaliyoachana na maswali yasiyokwisha, alikuwa tayari amemshika mkono.

"Mwalimu, twende basi! Makundi mengine yameshaondoka!"

Wakaenda.

Njia ilikuwa nyembamba, majani makavu yakilia chini ya viatu. Najiat alitangulia. Hakutaka kugeuka, ila alimjua alipo kwa kishindo cha hatua zake, na hilo peke yake lilimtia hasira zaidi. Moyo gani huu usio na haya, unaomtambua mtu kwa nyayo zake baada ya yote aliyoutendea?

"Watoto," alisema kwa sauti ya darasani, "kabla ya kopo la kwanza, sikilizeni. Wako ndege wanaokaa hapa mwaka mzima. Wako na wengine wanaohama. Leo tuna bahati, Mwalimu Masele anawajua sana wanaohama. Muulizeni kwa nini ndege anaweza kuondoka bila hata kuaga."

Masele alikohoa.

"Wengine huhama kwa ajili ya chakula," alisema. "Wengine hali ya hewa. Na wengine..." Akasita. "Wengine hukuta tundu limeshapata mwenyewe. Sasa afanye nini? Anaondoka kwa amani asimsumbue mtu."

Najiat alisimama. Akageuka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliyatazama macho yake, na macho yale yalikuwa na huzuni ya mtu aliyefiwa. Huzuni! Yeye aliyeondoka ndiye mwenye huzuni!

"Tundu lina mwenyewe?" alirudia taratibu.

"Ndivyo alivyoambiwa huyo ndege."

"Aliambiwa na nani, mwalimu?" Julieth aliuliza.

"Na... na ndege mwingine."

"Sasa yeye mwenyewe alikwenda kuuliza?"

Masele alijifanya kuikagua simu ya watoto. Najiat alihisi damu inampanda masikioni. Kulikuwa na jambo hapa ambalo hakulijua, na alichukia kuliona likipita mbele yake limefunikwa nguo.

"Baada ya mchezo," alimwambia kwa kunong'ona walipokaribiana, "utanieleza. Na ole wako usiwe na maelezo."

Makopo mawili ya kwanza yalipatikana kwa shangwe. Watoto waliacha gololi na kibanio cha nywele, wakachukua filimbi na manyoya ya kanga. Kisha mshale ukageukia magharibi, na Najiat alijua unaelekea wapi. Ulielekea kwenye mninga mkubwa wenye pango chini ya shina. Kopo lile Masele alilificha siku ile aliyomwambia kwa mara ya kwanza, "Naji, mimi nakupenda, basi." Tangu aondoke, Najiat alikuwa akikagua makopo yote ya msitu isipokuwa hilo moja. Miguu ilikuwa inakataa kufika pale.

Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba nyuki wamehamia.

Julieth alifika wa kwanza. Aliona ukingo wa kopo uking'aa, akapiga magoti, akaingiza mkono. Mvumo ulianza chini kwa chini, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya pili, kisha ukalipuka.

"Nyuki!"

"Msiwapige!" Najiat alipaza sauti, huku ameshauvua mtandio wake na kumfunika nao Julieth kichwa chote. "Funikeni nyuso! Nifuateni, pitieni vichakani! Kimbieni!"

Watoto walimfuata wakilia na kupiga kelele, matawi yakiwachapa. Aliwakimbiza mpaka ng'ambo ya kijito kikavu, huku nyuki wakipungua mmoja mmoja. Akawahesabu kwa haraka. Limbu hayupo. Binti mdogo kuliko wote. Kabla hajarudi mbio, Masele alitokeza kichakani amembeba, mtoto amezungushiwa lile shati la kijani mpaka miguuni, na yeye amebaki na fulana tu, uso na mabega vimejaa nyuki.

"Alijikwaa," alisema akihema. "Yuko salama. Hajaumwa."

Walirudi ofisini. Mama Levina alihangaika na watoto, akawapaka dawa, akawapa maji ya matunda na biskuti, na haukupita muda wakawa wanashindana nani kaumwa zaidi. Julieth, mkono umevimba, ndiye aliyeongoza, na alitangaza ushindi wake kwa fahari. Mama Levina akamsukumia Najiat kisanduku cha dawa. "Mshughulikie mwenzio. Mwone uso wake!"

Masele alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya ghala. Najiat aliinama mbele yake, akaanza kukwangua miiba kwa ukucha. Alikuwa karibu naye kiasi cha kuhisi joto la pumzi yake.

"Unaniumiza," Masele alisema.

"Nimekusudia. Sema. Nani kakwambia nina mwenyewe?"

Masele alishusha pumzi. "Kaka yako."

Ukucha wa Najiat ulisimama shavuni pake.

"Adinani?"

"Alinikuta kwa fundi baiskeli, siku ya pili baada ya Idi. Akasema umeposwa na Saidi, yule wa duka la vipuri. Akasema umekubali kwa kinywa chako, ila unaona haya kuniambia, ndiyo maana ukamtuma yeye. Akaniambia, 'Kama unampenda kweli, mwache aolewe kwa heshima. Usimharibie.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Naji..."

"Nimekuuliza ulisema nini!"

"Nilisema sawa."

Najiat alisimama wima. Alihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu, kisha ya moto juu yake.

"Sawa? Ulisema sawa? Nilikupigia simu, Masele! Nilikupigia mpaka nikawa kichekesho!"

"Nilidhani unanipigia kuniaga. Nisingeweza kuisikia sauti yako ikiniaga. Nisingeweza."

"Kwa hiyo ukaona bora mimi ndiye nife nisijue nimeuawa na nini! Mmekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, wanaume wawili wazima, mkanigawa kama nyama ya mbuzi. Mmoja anasema, 'Huyu si wako,' mwingine anajibu, 'Sawa.' Na mbuzi mwenyewe? Mbuzi hana mdomo?"

"Nilijiona mnyonge." Masele alitazama mikono yake. "Mimi ni mtoto wa mfugaji wa Igunga. Baba anakwenda msikitini, mama kanisani, ng'ombe wanalala mlangoni. Kaka yako aliponitazama, nilijiona vile ninavyoonekana machoni pake. Mtu mzima anayecheza kombolela na watoto porini."

"Na machoni pangu?" Sauti ya Najiat ilipasuka. "Muda wote ule hukuwahi hata siku moja kujiona machoni pangu?"

Masele aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limeanza kuzibwa na uvimbe, na kutoka lile jingine chozi lilikuwa linashuka. Najiat alitaka kumfuta. Alitaka pia kumpiga na kisanduku cha dawa. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu honi ya gari ililia getini, na honi ile aliijua.

Adinani alishuka amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kofia ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Najiat! Panda gari haraka, wageni wako sebuleni. Na hizo nguo gani, unanuka jasho..." Akamwona Masele.

"Wageni gani, kaka?"

"Twende, utawaona."

"Wageni gani?"

Adinani alitazama pembeni. "Saidi na mjomba wake. Wanaleta posa rasmi."

"Kwa hiyo miezi yote hii posa haikuwapo. Leo ndiyo inakuja." Najiat alimsogelea. "Ulimwambia huyu nimekubali. Ulimwambia nimekutuma. Kaka, mimi nilikutuma lini?"

"Nilifanya kwa faida yako! Marehemu baba aliniachia wewe mkononi. Akaniambia, 'Mtazame mdogo wako asihangaike.' Unataka nikutazame ukienda Igunga kukamua ng'ombe? Baba angekuwa hai..."

"Baba angekuwa hai angeniuliza! Baba alikuwa seremala, hakuchonga kitanda cha mtu bila kumuuliza anakitaka cha urefu gani. Wewe unanichongea ndoa nzima, hata kunitazama hunitazami!"

Watoto walikuwa wamegeuka wanatazama. Mama Levina alianzisha wimbo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akipiga makofi, akawageuza wote upande wa pili.

Masele aliinuka kwenye benchi. "Kaka Adinani, mimi..."

"Wewe kaa!" Ndugu wawili walisema kwa pamoja.

Najiat alijifunga mtandio wake uliojaa majani. "Nakwenda. Ila siendi kwa sababu umenifuata. Nakwenda kwa sababu wageni wale wana haki ya kuambiwa." Akamgeukia Masele. "Na wewe usinifuate. Umechagua kukaa kimya, endelea kukaa kimya mpaka nitakapotaka kukusikia."

Wakapanda gari hadi nyumbani kwao, Gongoni.

Sebuleni kulinukia udi na kashata za karanga. Bi Swaumu, mama yao, alikuwa amekaa pembeni na khanga mpya, mikono mapajani. Saidi alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sura, aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita. Kando yake alikaa mjomba wake mwenye ndevu nyeupe. Wote walishtuka kumwona binti wa watu akiingia kwa mlango wa mbele, vumbi mpaka magotini, jani kichwani.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," mjomba alijibu, akimtazama kwa wasiwasi. "Kwema?"

"Si kwema, babu. Niwieni radhi, sikufunzwa kusimama mbele ya wageni namna hii. Lakini nimesikia mmekuja kuniposa, na mimi nimesikia leo, sasa hivi, getini kazini kwangu. Hakuna aliyeniuliza."

"Najiat!" Adinani alifoka kutoka mlangoni.

"Dini yenyewe inataka niulizwe, kaka. Au hiyo nayo umeibadilisha?"

Saidi aliweka kikombe chake chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Najiat alijikaza, akitegemea matusi. Lakini macho ya yule bwana hayakumwelekea yeye.

"Adinani," alisema. "Nilikuuliza dukani. Nikakuuliza tena msikitini. Ukaniambia bibi ameridhia, anahesabu siku. Hukuniambia hivyo?"

Adinani alianza kuinyoosha kanzu yake, na Saidi akaendelea.

"Mimi nimezika mke niliyempenda. Sikuja hapa kutafuta mtu wa kunipikia huku analia jikoni. Umenifanya mjinga mbele ya mjomba wangu, na umemfanya huyu dada adhani mimi ni mtu wa kununua watu." Alisimama, akamwinamia Bi Swaumu. "Mama, tusamehe. Sisi hatukujua." Kisha akamtazama Najiat. "Na wewe dada, umefanya vyema kusema leo. Ungesema baada ya nikahi, tungeumia wote."

Mjomba aliinuka akitikisa kichwa, akimlaani shetani chini ya pumzi. Wakatoka. Adinani alikwenda barazani, akakaa kwenye ngazi kama mtoto aliyechapwa.

Najiat alibaki amesimama katikati ya sebule. Mama yake alikuwa hajasogea.

"Na wewe, mama? Ulijua?"

"Nilijua wanakuja." Bi Swaumu alipindapinda ncha ya khanga yake. "Adinani alisema umekubali. Nilikuona kimya miezi yote hii, huli, huongei. Nikasema, wazee wetu walituambia kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake. Nikajua umeridhia."

"Mama, nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nalia!"

Bi Swaumu alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kitu fulani kilipita usoni pake, labda kimya chake yeye mwenyewe cha zamani, alipokuwa mwali na wengine wakasema kwa niaba yake. Akagonga godoro la kiti pembeni yake.

"Njoo ukae."

Najiat alikaa. Mama yake alimtoa lile jani kichwani, akalikunja kiganjani.

"Sasa nakuuliza mimi. Unamtaka nani?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi hivyo, na hakuna aliyewahi kulitamka ndani ya nyumba ile.

"Namtaka Masele, mama. Na nina hasira naye mpaka meno yananiuma."

"Yule wa Igunga?"

"Huyo huyo. Aliambiwa uongo akaumeza mzima mzima. Natamani nimtafune."

Bi Swaumu alicheka kidogo, kicheko cha puani, cha kuchoka. "Sasa utamtafuna vipi na yeye yuko mbali? Mwite. Mtu hukasirikiwa mbele ya wazee, ikajulikana kama ana adabu au hana. Mpigie."

Najiat alitoa simu. Iliita mara moja tu.

"Naji?" Sauti ya Masele ilikuwa nzito, midomo imevimba. "Naji, wameshapokea posa?"

"Nyamaza. Leo nauliza mimi. Unataka kunioa, au hutaki?"

Upande wa pili kulisikika watoto wakiimba kwa mbali, na upepo.

"Nataka," alisema. "Wallahi nataka. Nilitaka tangu siku ile kwenye mninga. Nilitaka hata nilipokuwa nasema sawa."

Najiat alifumba macho. Moyo ulimpiga kwa nguvu, naye akauacha upige.

"Basi mlete baba yako Ijumaa, baada ya sala. Mpite mlango wa mbele, mbishe hodi kama watu. Kaka yangu akikutazama, na wewe mtazame. Na usije ukadhani nimekusamehe."

"Utanisamehe lini?"

"Sijui. Nataka nikutazame usoni kila siku huku nakataa kukusamehe."

Akakata simu kabla sauti yake haijamsaliti, akalaza kichwa kwenye bega la mama yake. Barazani, Adinani alikuwa amesikia kila neno. Aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Hatimaye alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge kichungu:

"Wasukuma hao mahari yao ni ng'ombe. Tutawafunga wapi ng'ombe hapa Gongoni?"

"Wafunge kwenye gari lako," mama yake akamjibu.